Simu inaita mara tano tu voismeli inadaka, hizo sekunde zinakaa wapi?

Mama yuko Tanga, mdogo wangu yuko Leeds kule Uingereza anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kwa karibu mwaka mzima katikati yao alikaa mzungu. Ndo mama alivyokuwa anatuambia, "nampigia mwanangu, inaita mara tano tu mzungu wa kike anapokea, anasema maneno yake, halafu vocha yangu inakwenda." Mara ya kwanza wala hakukata. Mdogo wangu bado anao ule ujumbe, nimeusikia kwa masikio yangu, mama anasema haloo, haloo mwanangu hujambo, we nani? hebu mpe simu mwenyewe. Kimya kidogo, jogoo anawika kwa nyuma. "Haya, basi mwambie mama yake kapiga." Sekunde arobaini na kitu za simu ya kimataifa, zote kaongea na mashine.

Kabla hujaniuliza kwa nini wasitumie WhatsApp, mama ana kiswaswadu na hataki kusikia habari ya simu nyingine, betri inakaa siku nne na tochi ipo, mjadala umefungwa.

Na mdogo wangu sio kwamba anamkwepa. Simu iko mfukoni mwa yunifomu inatetemeka, yeye kamshika mzee wa watu anamtoa kitandani kumweka kwenye kiti, glavu mkononi, sasa mpaka amkalishe vizuri avue glavu atoe simu, tayari kioo kinamwambia umekosa simu moja. Angepewa sekunde kumi tu za nyongeza angeiwahi. Akaanza pale kila mtu anapoanzia, kwenye setingi, akapekua milio, akapekua mtetemo, akapekua mpaka kwenye mambo ya macho na masikio, hakuna kitu. Baadaye akanunua simu mpya, sio kwa ajili hiyo ila moyoni alitegemea, akahamishia laini, mama akapiga, mara tano, mzungu. Hapo ndo akanitafuta mimi, maana kwenye ukoo wetu mimi ndo fundi wa chochote chenye betri, hata kama sijui.

Bahati hili nalijua. Sekunde hazimo kwenye simu, zimo kwenye mtandao.

Mtu akikupigia, simu yake haiji moja kwa moja kwako. Inafika kwanza kwa mtandao wako, mtandao unafungua daftari, mafundi wanaliita HLR, na humo kila laini ina ukurasa wake: huyu mara ya mwisho alionekana maeneo gani, ana huduma zipi, na simu zake zikishindikana zipelekwe wapi. Halafu mnara ulio jirani na wewe unakuita, simu yako inajibu nipo, naanza kulia, na kuanzia hapo mtandao unaanza kuhesabu. Yaani saa inaanza pale simu yako inapolia, zile sekunde za mwanzo mpigaji anaposikia kimya kimya hazimo. Zikifika sekunde zilizoandikwa kwenye ukurasa wako na hujapokea, mtandao unakunyang'anya ile simu unaipeleka kwenye namba nyingine, na hiyo namba nyingine ndo voismeli. Kumbe voismeli ni namba ya simu kama namba zingine, ila upande wa pili kuna mashine badala ya mtu, na kinachofanyika pale ni kudaiveti tu, sawa na kusema nisipopokea mpelekeeni dada.

Na lazima kazi hii ifanywe na mtandao, kwa sababu simu yako ikiwa imezima au imedondoka chooni, nani atamwambia mpigaji aache ujumbe? Kwa hiyo kubadilisha simu hakusaidii, kumpelekea fundi Kariakoo ni kumchangia nauli. Unachotakiwa ni kuandika upya ule mstari kwenye daftari la mtandao, na kalamu yake ni nyota na reli.

Nyota na reli tunazipiga kila siku lakini wengi tunazichanganya, tunadhani zote ni kitu kimoja. Ukipiga *#06# simu yenyewe inakujibu, inakuonyesha IMEI, hata laini usiweke. Ukipiga *150*00# ya M-Pesa ya Vodacom, au *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, au *334# kwa wenzetu wa Kenya, simu haielewi chochote pale, inabeba tu kama bodaboda inapeleka kwa mtandao, kompyuta ya huko inarudisha menyu, na kila kampuni inajipangia namba zake inavyotaka. Zipo za aina ya tatu ndo hizi tunazozitaka leo. Hizi simu inazielewa, inazitafsiri kuwa amri rasmi na kuzituma, na zinatoka kwenye kiwango kimoja cha GSM, ule mfumo ambao simu yake ya kwanza ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Ndo maana ni zilezile Tanga, Nairobi, Muscat mpaka Leeds, hazijali kampuni gani.

Amri yenyewe inakaa hivi:

**61*NAMBA*11*30#

Ukiiangalia hivyo inatisha, lakini isome taratibu kama sentensi. Nyota mbili za mwanzo maana yake andika. Ingekuwa nyota moja ni washa kilichoandikwa, reli moja ni zima ila usifute, nyota na reli pamoja ni nisomee kilichoandikwa, reli mbili ni futa kabisa. Kinachofuata ni sharti. 61 ni nisipopokea. 62 ni nisipopatikana, simu imezima au niko porini hakuna mnara. 67 ni nikiwa bize kwenye simu nyingine. Na 21 hiyo haina sharti, ni peleka zote, simu yangu isilie hata kidogo, hiyo ikumbuke maana tutairudia. Halafu namba ya kupelekea. Halafu 11, hiyo ni aina ya huduma, simu za sauti, na ipo 13 ya faksi, wakati haya yanaandikwa faksi ilikuwa kitu cha maana kwenye ofisi za watu. Mwishoni ndo sekunde zenyewe, na reli ya kufungia.

Sekunde nazo hujiandikii tu. Kiwango kinaruhusu hatua za tano tano, 5, 10, 15, 20, 25, 30, basi. Ukiandika 12 au 45 usitegemee kitu. Watu wanataka sana kuweka dakika nzima, haiwezekani, dari ni 30, na ukiona haikutoshi njia iliyobaki ni kufuta kwa ##61# ili simu iite mpaka mpigaji achoke mwenyewe au mtandao uchoke. Na hizo sekunde zinahusu 61 peke yake, ukifikiria vizuri ni kweli, simu iliyozimwa unaisubiri sekunde 30 ya nini.

Mtego mdogo wa kuangalia hapo: mitandao mingine haiitaki ile 11, wanataka nafasi yake iachwe wazi, kwa hiyo inakuwa **61*NAMBA**30# yenye nyota mbili kabla ya 30. Mtu anaona nyota mbili anadhani imekosewa, anapunguza moja, hapo 30 inakuwa imekaa kwenye kiti cha aina ya huduma na mtandao unakukatalia. Nyota moja tu.

Sasa namba ya kupelekea ni ipi? Hapa ndo wengi wanapotea, wanachukua ile namba fupi wanayopiga kusikiliza ujumbe, Uingereza kwa mfano Vodafone ni 121, O2 ni 901, Three ni 123, EE ni 222. Hizo ni mlango wa wewe kuingilia kusikiliza, ambao simu zinaingilia kuacha ujumbe mara nyingi ni namba ndefu yenye kodi ya nchi mbele, na kila mtandao una yake. Usikisie, liulize daftari. Unapiga *#61#.

Jumapili moja mdogo wangu yuko zamu ya usiku kwa hiyo mchana yuko kwake, nikamwambia piga *#61#. Kimya. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, kaka, kuna namba humu siijui. Inaanza na +44, sio ya mtu yeyote ninayemjua. Nikamuuliza kwa nini unanong'ona. Kumbe kwenye grupu la familia kulishapita ule ujumbe, na wewe umeshaupata usinidanganye, ule wa kusema piga *#61# au *#62#, ukiona namba usiyoijua jua simu yako inasikilizwa, tuma kwa wote unaowapenda. Sasa yeye kaiona namba, na nikwambie hata orodha yenyewe ilivyokuja inatisha, kuna sauti, kuna data, kuna faksi, mtu anajiuliza faksi yangu mimi inakwenda wapi.

Nikamwambia ipigie hiyo namba. Akapiga.

Akapokea yule mzungu wa kike.

Alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka mzima mama anapambana na huyu dada na namba yake ilikuwa imeandikwa pale muda wote. Na kwenye simu nyingi ukipiga *#61# au *#62# ukakuta namba, ndo hiyohiyo, voismeli ya mtandao wako, waliiandika wao siku laini inawashwa. Ule ujumbe wa grupu unachukua kitu cha kweli unakibandika maana ya uongo. Halafu hebu fikiria kidogo, kudaiveti ni kuihamisha simu, ikienda kule kwako haipo, sasa mtu anayetaka kukusikiliza ukiongea atafaidika nini na simu ambayo hujaipokea?

Cha kuogopa kipo lakini kiko pengine, kwenye ile 21. Piga *#21#, kama inakuonyesha simu zako zote za sauti zinakwenda kwenye namba ya mtu na wewe hukuiweka, hapo kuna tatizo. Wezi wanachofanya wala hawagusi simu yako, wanakupigia wanajifanya watu wa huduma kwa wateja au wa kuleta mzigo, wanakuambia laini yako ina hitilafu, bonyeza **21* halafu namba hii halafu reli, au wanatumia 67 wakati unaongea nao. Wewe unabonyeza mwenyewe kwa mkono wako. Kuanzia hapo simu zako zinaingia kwao, wanafungua WhatsApp kwa namba yako, wanachagua kupigiwa simu ya kusomewa namba ya siri, inasomwa kwenye sikio lao, kwisha. India hili liliwazidi mpaka serikali ikaagiza kampuni za simu zisimamishe kudaiveti kwa *401#, ile ya kwao, kuanzia tarehe 15 Aprili 2024. Ukiwa na wasiwasi ##21# inafuta hiyo moja, ##002# inafuta zote kwa mpigo ila na voismeli inakwenda nayo, kwa hiyo kabla ya kufuta andika namba yake pembeni, kwenye karatasi, sio kwenye kichwa.

Na mashine yenyewe iwekee namba ya siri yako. Uingereza waandishi wa News of the World waliingia kwenye voismeli za watu wakizijaribu zile namba za siri za kiwandani ambazo wenyewe hawakuwahi kuzibadilisha, na skendo yake ilipolipuka gazeti likafungwa Julai 2011. Haya, turudi kwa mama.

Mdogo wangu akaandika **61* akaweka ile namba ndefu na +44 yake, *11*30#, akabonyeza kitufe cha kijani kama anapiga simu. Kioo kikazunguka kikajibu imesajiliwa. Nikampigia mimi nikiwa Dar, nikamwambia usipokee, nikahesabu.

Kuhesabu milio nako kuna ujanja wake, na watu wanabishana sana juu ya hili bila sababu. Sekunde na milio ni vitu viwili. Ule mlio anaousikia mpigaji unatengenezwa na upande unaopigiwa, na kila nchi ina mapigo yake. Uingereza ni ile tuu-tuu, mbili za haraka halafu kimya, mzunguko mzima sekunde 3. Ujerumani ni mlio mmoja wa sekunde 1 na kimya cha sekunde 4, jumla 5. Marekani mlio wa sekunde 2 kimya 4, jumla 6. Kwa hiyo sekunde 15 zilezile, aliyepiga Leeds atakuambia imeita mara tano, aliyepiga Ujerumani mara tatu, aliyepiga Marekani mara mbili na nusu, na wote wanasema kweli. Mama alikuwa sahihi kabisa na zile tano zake, alikuwa anatupa jibu la sekunde 15 na sisi tunamwona anazeeka. Kama mwenye laini ameweka wimbo badala ya mlio, kama zile Skiza za Kenya, basi hapo hesabu haipo, unasikia tu kwaya imekatwa katikati ya kiitikio.

Nikahesabu tuu-tuu kumi, mzungu akapokea. Ikakaa sawa.

Wewe inaweza isikubali. Kioo kitakuletea yale maneno ya tatizo la muunganisho au MMI batili, na MMI ni jina la kifundi la hizi amri za nyota na reli, wala sio kwamba simu yako imeharibika. Angalia kwanza kama una laini mbili, isije kuwa amri imetokea laini nyingine. Angalia namba umeiandika na kodi ya nchi. Wengine inawabidi wazime kwanza upigaji wa 4G, ile VoLTE, wajaribu, halafu waiwashe, maana huko amri hizi zinapita njia nyingine kabisa na sio kila mtandao umeipanga vizuri. Na zipo kampuni ndogo zinazokodi minara ya wenzao ambazo zimefunga kabisa, hapo ni kupiga huduma kwa wateja uwaambie nataka muda wa kulia uwe sekunde 30 kabla ya voismeli, wao wanabonyeza upande wao. Marekani hili linawachanganya sana watu wetu kwa sababu T-Mobile walikuwa wa GSM tangu zamani na amri zinakubali, wakati Verizon walikuwa kwenye mfumo mwingine wa CDMA mpaka mwisho wa 2022 walipouzima, hawakuwahi kuwa na hizi za 61, wao walikuwa na zao za *71 na *72. Mtu anachukua maelekezo ya binamu yake wa Houston anayapiga kwenye laini ambayo haijawahi kuyasikia.

Usijaribu pia kupitia menyu ukadhani ni njia ya mkato. iPhone ile sehemu ya kuhamisha simu kwenye setingi ni 21, ukiwasha pale simu zako zote zimeondoka, na nimeshakutana na mtu aliyekaa siku mbili anashangaa hakuna anayemtafuta. Android inakupa sehemu ya nisipopokea, lakini nyingi hazikupi pa kuandika sekunde, na Android ya kawaida ukigusa pale ukahifadhi inaandika 20 yenyewe bila kukuuliza. Yaani umehangaika kuweka 30 kwa nyota na reli, siku unapita kuangalia tu menyu ukabonyeza sawa, umerudi 20.

Halafu kuna wale ambao wanaweka 30 na bado wanalalamika simu inakwenda voismeli haraka. Hapo tatizo sio 61. Ukiikata simu kwa kubonyeza chekundu, mtandao unaichukulia kama uko bize, inafuata 67, inakwenda hapohapo. Ikiwa hailii kabisa inakwenda moja kwa moja, ni 62, hakuna mnara au imezima. Na kwa iPhone kuna ile ya kunyamazisha wapigaji usiowajua, ilikuja na iOS 13 mwaka 2019, hiyo inampeleka voismeli kila ambaye namba yake haimo kwenye simu yako. Sasa simu za kutoka nyumbani zikipita njia za ajabu ajabu zinafika Ulaya na namba sio yenyewe, au hazina namba kabisa, mama anageuka mtu asiyejulikana. Wengi walioko nje ambao wazazi wao "hawapigi siku hizi" waangalie hapo kwanza.

Huku nyumbani sisi voismeli hatujawahi kuipenda na sababu ni hela. Mtandao unaanza kumkata mpigaji pale simu inapopokelewa, na mashine ikipokea imepokelewa, hakuna cha mashine wala mtu. Lakini lile tangazo la mteja hapatikani kwa sasa halikukati kitu, kwa sababu pale hakuna aliyepokea, ni mtandao unaongea. Ndo maana Kenya mpaka wametengeneza neno, simu yake ni mteja, wakimaanisha imezimwa. Na kubip ndo kabisa, msingi wake wote ni kwamba inaita mara mbili unakata na hakuna aliyepokea, mkilinganisha majina mnaelewana, mwenye salio anapiga. Sasa umbip mtu mwenye voismeli ya sekunde 5, umekatwa hela kwa kubip, hiyo ni dhuluma. Kwa hiyo ukiwa na laini ya huku ukapiga *#61# ukakuta haijawashwa usihangaike kuiwasha. Ila hii ya 61 unaweza kuitumia kwa akili nyingine, dukani kwa mfano, nisipopokea sekunde 20 mpelekee msaidizi wangu, unaweka namba yake badala ya mashine, mteja anapokelewa na mtu. Jua tu kipande cha kutoka kwako kwenda kwa msaidizi kinaweza kutozwa kwako wewe, mpigaji analipa kufika kwako.

Na hicho kipande ndo kilichomuuma mdogo wangu Desemba. Kaja Tanga likizo na laini yake ya Uingereza ndani ya simu, hakupokea simu hata moja, anarudi anakuta bili. Sikiliza ilivyokuwa: rafiki yake wa Leeds anampigia, simu inasafiri mpaka Tanga, inalia sekunde 30 kwenye begi yeye yuko Raskazone anaogelea, hakuna wa kupokea, mtandao unaidaiveti kwenye voismeli ambayo iko wapi? Uingereza. Safari ya kuja na safari ya kurudi, zote za kimataifa, zote juu yake, ili mtu wa Leeds aache ujumbe Leeds. Umoja wa Ulaya ulikataza tangu Julai 2010 kumtoza mteja kwa ujumbe wa voismeli unaoachwa akiwa nchi nyingine ya Umoja, lakini Tanga sio Umoja wa Ulaya. Dawa yake ni kabla ya kupanda ndege, ukiwa bado kwenye mtandao wako, piga ##004#, hiyo inafuta 61, 62 na 67 kwa mpigo. Ukirudi **004*NAMBA# inaziandika zote tatu, kisha unapiga tena ile ya 61 yenye 30, maana sekunde zako zilifutika na mstari wake.

Ile karatasi ya namba ya voismeli iko kwenye pasi yake ya kusafiria sasa hivi, imekunjwa mara nne.

Mama naye nilimweleza, nikamwambia sasa hivi itaita mara kumi ndo yule mzungu aje. Akaniuliza mara kumi kamili? Kamili, mama. Basi siku hizi anapiga kiswaswadu kiko sikioni, vidole vya mkono mwingine vinahesabu tuu-tuu kwenye goti, wa tisa ukipita kidole gumba kinakwenda kwenye kitufe chekundu, anakata. Anasema mtoto akiona kapigiwa atapiga mwenyewe, na vocha iko palepale.